Miezi 180: Somo la Michango ya Hifadhi ya Jamii kwa Mkazi Aliyejiajiri

Katika Kata ya Elerai, kama ilivyo katika kata nyingine za Jiji la Arusha, wakazi wengi hujipatia riziki bila kuwa na mwajiri. Wamo mama lishe, waendesha bodaboda, mafundi seremala na wa kuchomelea vyuma, wasusi, vinyozi, wauza mitumba na wauza mboga. Wamo pia wapagazi na waongoza watalii wanaoitwa kazini kwa safari moja moja, kisha wakasubiri safari nyingine. Wote hao hawana hati ya mshahara. Hakuna mhasibu anayewakata mchango mwisho wa mwezi, wala afisa utumishi anayewakumbusha kujaza fomu. Mambo ambayo mwajiriwa hufanyiwa, aliyejiajiri hana budi kuyafanya mwenyewe.

Matokeo ya hali hiyo huonekana baadaye. Mtu hufanya kazi kwa bidii miaka thelathini, akajenga nyumba na kusomesha watoto, na anapofika umri wa kupumzika akagundua kwamba kumbukumbu zake katika mfuko wa hifadhi ya jamii ama hazipo kabisa, ama zina miezi michache iliyotawanyika. Kufika wakati huo fedha zinaweza kutafutwa, lakini miaka hairudi. Somo hili linaeleza hifadhi ya jamii ni nini, viwango vya kuchangia vikoje, miezi huhesabiwaje, na ni hatua zipi mkazi aliyejiajiri anapaswa kuzifuata ili jasho lake lisipotee.

Hifadhi ya jamii si kibubu

Wakazi wengi tayari wana desturi ya kuweka akiba. Wapo wenye vibubu nyumbani, wapo wanaocheza upatu, na wapo wanachama wa VICOBA wanaonunua hisa kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka. Njia hizo zina manufaa yake na hakuna sababu ya kuziacha. Kibubu husaidia ada ya shule inapodaiwa. Upatu humpa mtu mtaji kwa mkupuo. VICOBA humkopesha mwanachama bila kumdai hati ya nyumba.

Hata hivyo, njia hizo zote zina mpaka mmoja: fedha huishia pale zinapoishia. Aliyeweka shilingi milioni moja hupata milioni moja na faida yake, na akishaitumia, hakuna nyingine. Bima ya jamii hujengwa kwa msingi tofauti. Wengi huchangia mfuko mmoja, na mfuko huo humlipa yule aliyefikwa na jambo lililotajwa na sheria: uzee, ulemavu, uzazi, maradhi au kifo. Pensheni ya uzee hulipwa kila mwezi maadamu mstaafu yu hai. Aishi miaka mitano au ishirini na mitano baada ya kustaafu, haambiwi kwamba fedha yake imekwisha.

Yapo pia mambo matatu ambayo wakazi huyachanganya na hifadhi ya jamii. La kwanza ni kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Kitambulisho hicho humtambulisha mfanyabiashara mbele ya mamlaka, lakini hakimwekei mchango wowote wa uzeeni. La pili ni kodi inayolipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Risiti ya kodi, hata zikijaa kabati, hazihesabiki kuwa miezi ya uchangiaji. La tatu ni bima ya afya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima hizo hulipia matibabu. Hazimlipi mtu pensheni. Ni muhimu kulikumbuka hili hasa kwa sababu kiasi cha shilingi 30,000 kinatajwa pia katika mpango wa NSSF unaoelezwa hapa chini, ambako hulipwa kila mwezi na kwa lengo lingine kabisa.

Jinsi aliyejiajiri alivyobaki nje, na jinsi alivyoingizwa

Bima ya uzee ya kisasa ilianzia Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 1889 iliwataka wafanyakazi wa mshahara na waajiri wao wachangie. Mfano huo ulienea duniani, na kasoro yake ikaenea nao: uliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri. Tanganyika ilipopata uhuru haikuwa na mfuko wa jumla wa wafanyakazi. Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa kifupi kuwa NPF. Kama jina lake lilivyosema, huo ulikuwa mfuko wa akiba: mwanachama alilipwa michango yake pamoja na faida kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo hakuwa na dai tena.

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria iliyoubadili mfuko huo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, unaolipa pensheni. Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2003 ilitamka wazi kwamba wananchi walio wengi, wakiwamo wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wadogo, walikuwa nje ya mfumo. Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 2018. Mifuko minne ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. NSSF ikaachiwa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Mwaka 2024 NSSF ilizindua mpango mahususi kwa ajili ya waliojiajiri, uitwao Hifadhi Skimu.

Tanzania haiko peke yake katika safari hiyo. Kenya ina mpango wa Haba Haba, uliowawezesha wafanyabiashara wadogo kuchangia kuanzia shilingi 25 za nchi hiyo kwa siku. Rwanda ilizindua Ejo Heza mwaka 2018, mpango wa hiari ambao serikali huongezea akiba ya wenye kipato cha chini. Nchi zote hizo zilikutana na ukweli uleule: mwenye genge hapati fedha tarehe 28 ya kila mwezi, bali hupata leo kidogo na kesho zaidi. Mpango unaomfaa hauna budi kufuata mwendo wa fedha zake.

Viwango na namna ya kulipa

Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri hulipa angalau nusu ya kiasi hicho, na kilichobaki hukatwa kwa mwajiriwa. Aliyejiajiri hana wa kumlipia nusu. Yeye ni mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja, na mchango wote hutoka katika mfuko wake. Kwa sababu hiyo, kiwango chake kimewekwa kwa shilingi badala ya asilimia.

Katika Hifadhi Skimu, kiwango cha chini kilichotangazwa ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwanachama anayetaka pia huduma ya matibabu huchangia shilingi 52,200 kwa mwezi. Anayeweza kuchangia zaidi ya hapo anaruhusiwa, na ni vyema afanye hivyo kipato chake kinapokua, kwa kuwa mafao ya uzeeni hutegemea kiasi kilichochangiwa na muda wa kuchangia.

Mchango unaweza kulipwa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Hapa kila mkazi anapaswa kupima namna fedha zinavyomfikia. Mama lishe anayepata fedha kila siku anaweza kutenga shilingi 1,000 kwa siku, na baada ya siku 30 amefikisha shilingi 30,000. Fundi anayelipwa mwisho wa juma anaweza kutenga shilingi 7,500 kwa wiki, na baada ya wiki nne amefikisha kiasi hichohicho.

Hesabu ya mpagazi au dereva wa watalii ni tofauti. Msimu wa wageni wengi huanza Juni hadi Oktoba, ukarudi tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, kazi hupungua sana. Mchango wa mwaka mzima kwa kiwango cha chini ni shilingi 360,000. Mpagazi anayepata kazi miezi saba tu kwa mwaka anapaswa kutenga takriban shilingi 51,500 katika kila mwezi wa kazi ili miezi mitano ya kiangazi cha kazi isibaki na pengo. Anayelipa kwa mkupuo namna hiyo ahakikishe kwamba taarifa yake inaonyesha miezi yote aliyoikusudia, isije ikasomeka kama mwezi mmoja uliolipwa kiasi kikubwa.

Miezi mia na themanini

Jambo linalostahili kukaa akilini kuliko yote katika somo hili ni hesabu ya miezi. Ili mwanachama apate pensheni ya uzee ya kila mwezi, kwa utaratibu wa kawaida wa NSSF, anatakiwa awe na michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni miaka 60. Miezi hiyo 180 si lazima ifuatane. Mtu anaweza kuchangia miaka sita, akakatisha, kisha akaendelea, na miezi ya zamani ikajumlishwa na mipya. Lakini mwezi usiolipwa hauhesabiwi.

Mfano wa wauza nguo wawili waliojiunga siku moja, wote wakiwa na umri wa miaka 40, utaonyesha maana ya jambo hilo. Wa kwanza analipa kila mwezi bila kukosa. Katika miaka 15 amefikisha miezi 180, naye ana umri wa miaka 55. Anaweza kustaafu kwa hiari au kuendelea kuchangia ili kuongeza mafao yake. Wa pili analipa biashara inapokuwa nzuri tu, na kila mwaka hukosa miezi mitatu: Januari kwa ajili ya ada za shule, na miezi miwili ya masika. Kwa mwaka anapata miezi tisa. Atahitaji miaka 20 kufikisha miezi 180, na atakuwa ametimiza miaka 60. Kama angekosa miezi minne kila mwaka, angehitaji miaka 22 na nusu, na angefika umri wa miaka 60 akiwa na miezi 160 tu.

Hesabu hiyohiyo inamhusu mkazi anayefikiria kuanza sasa. Mwenye umri wa miaka 30 ana nafasi ya kukosa miezi kadhaa na bado akafika. Mwenye miaka 45 ana miezi 180 kamili mbele yake kabla ya kutimiza miaka 60, na hana mwezi hata mmoja wa kupoteza. Mwenye miaka 50 anayeanza upya hawezi kufikisha miezi 180 kabla ya miaka 60, isipokuwa awe na miezi aliyochangia zamani. Hata hivyo, mwanachama anayefikia umri wa kustaafu bila kutimiza miezi hiyo hapotezi michango yake. Hulipwa mafao ya mkupuo. Anachokosa ni malipo ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake, nacho ndicho kitu ambacho mzee asiye na nguvu hukihitaji kuliko vyote.

Mafao mengine yana masharti mafupi zaidi, lakini nayo huangalia mfululizo. Kwa mafao ya uzazi, kwa mfano, utaratibu wa kawaida wa NSSF humtaka mama awe amechangia miezi isiyopungua 36, na miezi 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia wiki ya kujifungua. Mama aliyechangia miaka mitatu kisha akaacha miaka minne hatimizi sharti hilo, ingawa idadi ya miezi anayo.

Yupo mkazi atakayesema kwamba shilingi 30,000 kwa mwezi zingetosha kulipia chakula cha mtoto shuleni, na kwamba mtoto ndiye pensheni ya mzazi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwa vizazi vingi, katika miteremko ya Mlima Meru na kwingineko, mzazi alitunzwa na mtoto aliyerithi shamba. Lakini mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa viwanja, na watoto wa leo wengi wao nao wamejiajiri, wana kodi ya pango na ada za watoto wao. Mzazi mwenye pensheni, hata iwe ndogo, humpunguzia mtoto mzigo huo, naye hupokea msaada wa mwanawe akiwa na cha kwake mkononi.

Kukusanya miezi iliyosahaulika

Wakazi wengi wanaodhani kwamba hawajawahi kuchangia, kumbe wamechangia. Arusha na viunga vyake imekuwa na viwanda, mashamba ya maua, hoteli, shule binafsi, kampuni za ulinzi na kampuni za utalii. Mtu aliyefanya kazi miaka minne katika shamba la maua kabla ya kufungua saluni anaweza kuwa na miezi 48 iliyolala katika kumbukumbu za NSSF. Miezi hiyo, ikijumlishwa na miezi 132 ya kujiajiri, inafikisha 180. Kwa aliyetimiza miaka 49, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupata pensheni na kuikosa.

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kulipa shilingi moja, ni kuuliza kama jina tayari lipo. Mkazi aende ofisi ya NSSF na kitambulisho cha taifa, pamoja na kadi ya zamani ya uanachama kama ipo, barua ya ajira, hati ya mshahara, au karatasi yoyote yenye jina la mwajiri na mwaka. Kosa linalowagharimu wengi ni kujiandikisha upya na kupata namba ya pili ya uanachama. Mtu mwenye namba mbili huwa na miezi 90 huku na miezi 90 kule, na kila namba ikisomwa peke yake haifikishi sharti. Namba hizo huweza kuunganishwa, lakini ni kazi nyepesi zaidi kuifanya mtu angali na kumbukumbu na vielelezo, kuliko kuifanya akiwa mgonjwa au baada ya mwajiri wa zamani kufunga ofisi.

Wapo pia waliojiunga kwa hiari na mifuko iliyounganishwa mwaka 2018. PPF, PSPF, LAPF na GEPF zilikuwa zimefungua milango kwa wasio watumishi wa umma, na wafanyabiashara kadhaa walijisajili. Mali na wajibu wa mifuko hiyo vilihamia PSSSF. Kwa hiyo mwenye kadi ya mmoja wa mifuko hiyo asiitupe kwa kudhani kwamba imekufa pamoja na mfuko. Aipeleke ofisi ya PSSSF, aombe taarifa ya michango yake, na apate maelekezo kwa maandishi.

Tatizo jingine ni majina. Katika kata hii si ajabu mtu mmoja kuitwa kwa jina la ubatizo kanisani, kwa jina la ukoo nyumbani, na kwa jina la baba shuleni. Kitambulisho cha taifa kikisema moja, kadi ya NSSF ikisema jingine na cheti cha ndoa la tatu, mafao hucheleweshwa hadi itakapothibitishwa kwamba wote hao ni mtu mmoja. Tofauti ya herufi huweza kurekebishwa kwa hati ya kiapo. Tofauti kubwa zaidi huhitaji hati ya kisheria ya kubadili jina. Jambo hilo lishughulikiwe mapema, maana mhusika mwenyewe ndiye shahidi bora wa jina lake.

Hatua za kujiandikisha

Mkazi ambaye hana kumbukumbu zozote za nyuma, au ambaye amekwisha kuzihakiki, afuate mpangilio huu:

1. Apate namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, yenye tarakimu 20. Asiyekuwa nayo aanzie kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, ambaye humpa maelekezo na barua ya utambulisho.

2. Ajisajili katika ofisi ya NSSF au kwa njia za mfuko za mtandaoni, na aitunze namba yake ya uanachama. Namba hiyo ni moja kwa maisha yote.

3. Ataje kazi yake kwa ukweli na achague kiwango anachoweza kukimudu hata katika mwezi mgumu. Kiwango kidogo kinacholipwa kila mwezi hufikisha miezi 180. Kiwango kikubwa kinacholipwa mara mbili kwa mwaka kisha kikakoma hakifiki.

4. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali pekee, kupitia simu, benki au wakala. Asimpe mtu yeyote fedha taslimu kwa ahadi ya kumpelekea, wala asimtajie mtu namba ya siri ya simu yake, hata akiwa amevaa sare.

5. Atunze ujumbe wa uthibitisho au stakabadhi. Daftari la kurasa 40 latosha: tarehe, kiasi, mwezi uliolipiwa na namba ya muamala.

6. Angalau mara mbili kwa mwaka aombe taarifa ya michango na kuilinganisha na daftari lake. Mwezi unaokosekana hufuatiliwa kwa urahisi ukiwa na umri wa wiki sita kuliko ukiwa na umri wa miaka sita.

Wenye vikundi wana njia iliyo nyepesi zaidi. Kikundi cha bodaboda au VICOBA kinachokutana kila wiki kinaweza kuweka utaratibu wa kukumbushana michango ya NSSF siku ya mkutano, kila mwanachama akilipa kwa namba yake mwenyewe. Mweka hazina akague uthibitisho wa malipo bila kupokea fedha. Kwa namna hiyo kikundi hufanya kazi ambayo ofisini hufanywa na mhasibu, na hakuna mwanachama anayepoteza mwezi kwa kusahau.

Familia na vielelezo vyake

Mwanachama anapofariki, wategemezi wake hustahili mafao ya urithi kwa mujibu wa masharti ya mfuko. Mara nyingi kinachowakwamisha si masharti hayo, bali ni karatasi. Mjane huulizwa cheti cha ndoa, na mtoto huulizwa cheti cha kuzaliwa. Ndoa nyingi za kimila za Waarusha, Wameru na Wamaasai zilifungwa mbele ya wazee, kwa mahari na baraka, bila cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kimila, lakini kuitambua ndoa ni jambo moja, na kuithibitisha mezani ni jambo jingine. Wanandoa ambao bado wako hai wote wawili wana nafasi nzuri ya kuisajili ndoa yao. Mmoja akishatangulia mbele ya haki, aliyebaki hulazimika kutafuta mashahidi, na wakati mwingine kubishana na ndugu wa marehemu.

Kwa hiyo kila mwanachama ahakikishe kwamba mwenzi wake na watoto wake wote, bila kumficha hata mmoja, wameandikwa katika kumbukumbu za mfuko. Watoto wapatiwe vyeti vya kuzaliwa kupitia RITA. Mtoto anapozaliwa au ndoa inapobadilika, kumbukumbu zirekebishwe. Mwisho, mwenzi aambiwe kwamba uanachama upo na kadi imewekwa wapi. Mafao yasiyojulikana na familia ni sawa na mafao yasiyokuwepo.

Aliyejiajiri anapoajiri

Ipo siku biashara hukua. Seremala huongeza vijana wawili, na mama lishe humleta msaidizi wa kulipwa. Kuanzia hapo mkazi huyo ana sura mbili mbele ya sheria: kwa nafsi yake bado ni aliyejiajiri, lakini kwa wasaidizi wake ni mwajiri. Anapaswa kuwasajili NSSF na kuwasilisha mchango wao wa asilimia 20 ndani ya siku 30 baada ya mwezi kumalizika. Anapaswa pia kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaomlipa fidia mfanyakazi anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi katika mshahara wa kijana.

Wengi huliona jambo hilo kuwa mzigo, na kweli lina gharama. Lakini kijana anayeshika msumeno leo ndiye fundi wa Elerai wa miaka kumi ijayo. Akianza kuhesabiwa miezi yake akiwa na umri wa miaka 22, siku atakapofungua karakana yake hataanzia sifuri.

Maswali ya kujipima

Msomaji anaweza kujipima kwa maswali yafuatayo, peke yake au pamoja na kikundi chake:

1. Kwa hesabu ya umri wako leo, imebaki miezi mingapi kabla ya kutimiza miaka 55, na mingapi kabla ya miaka 60?

2. Je, umewahi kuajiriwa popote, hata kwa miezi sita? Namba yako ya uanachama ya wakati ule iko wapi?

3. Jina lililo katika kitambulisho chako cha taifa linalingana na lililo katika kadi zako nyingine?

4. Ni miezi ipi ya mwaka ambayo kipato chako hushuka, na utaiwekea akiba katika miezi ipi?

5. Ukiugua ghafla kesho, nani nyumbani anajua kwamba unachangia, na atapata wapi vielelezo?

Mkazi anayeshindwa kujibu swali la pili au la tatu aanze na hilo wiki hii, kabla ya kulipa mchango wowote. Ofisi ya mtendaji wa kata hutoa barua ya utambulisho kwa wakazi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata huvishauri vikundi kuhusu utunzaji wa kumbukumbu. Ofisi ya NSSF ndiyo yenye mamlaka ya kutoa taarifa ya michango na kueleza masharti yanayotumika wakati wa kujiunga. Mkazi aende na kitambulisho chake cha taifa pamoja na karatasi zote za zamani alizonazo, hata zile anazozidhania hazina kazi tena.